Herufi Kubwa na Asili ya Ukoo: Majina ya Mahali Yalivyotuongoza Kangeta

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hawakutuambia, hata hivyo, asili hiyo hutafutwa wapi pale ambapo walioijua wamekwisha kuzikwa na hawakuacha maandishi. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi watu wa ukoo wetu, wakazi wa Kangeta katika Igembe, tulivyolazimika kuitafuta asili yetu ndani ya jina moja tu la mahali, na jinsi elimu ya lugha, tena ile inayofundishwa katika mwaka wa kwanza wa chuo, ilivyotufaa katika jambo ambalo awali hatukulidhania kuwa la lugha.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Kangeta ni mji mdogo ulio katika milima ya Nyambene, kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Maua. Jina lake limesafiri kuliko wenyeji wake. Aina mojawapo ya miraa huitwa kangeta, na kwa hiyo neno hilo limetamkwa kwa miaka mingi katika vibanda vya Eastleigh, katika masoko ya Mogadishu na hata London, hadi Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwezi wa Juni mwaka 2014. Wengi wa waliolitamka hawakujua kuwa wanataja mahali penye shule, soko na makaburi ya watu. Nataja jambo hili mapema ili msomaji aone kuwa jina la mahali linaweza kukatika kutoka kwa mahali penyewe, likaishi maisha yake peke yake. Jina lililotusumbua sisi lilikuwa limepatwa na jambo kama hilo, ila kwa namna nyingine.

Chanzo cha yote kilikuwa posa. Kaka yangu alitaka kumwoa msichana wa Tigania. Wazee wetu walipofika kwa kina msichana, walipokelewa kwa heshima, wakaketi, kisha wakaulizwa maswali mawili: mwiriga wenu ni upi, na kabla ya Kangeta mlitoka wapi? Mwiriga, kwa Kimeru, ni ukoo mpana unaojumuisha nyumba nyingi. Maswali hayo hayakuwa ya kupitisha wakati. Baina ya miiriga fulani ya Wameru kuna uhusiano uitwao gichiaro, yaani udugu wa kiapo. Walio katika gichiaro hawanyimani kitu, hawadanganyani, hawamwagiani damu, na hawaoani. Anayeuvunja udugu huo huaminiwa kuwa amejiletea laana yeye na watoto wake. Kwa hiyo jibu letu ndilo lingeamua kama kuna harusi au hakuna.

Wazee wetu walikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa ni neno lililorithiwa: Ruujine. Baba wa babu yetu, tuliambiwa tangu utotoni, alitoka Ruujine. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Si mbali na Kangeta kuna mahali paitwapo Athiru Ruujine, na watu wengi wa ukoo wetu walichukulia kuwa ndipo anapotajwa. Ikiwa ndivyo, sisi tulikuwa wa Athiru, na nyumba moja ya huko ilisemekana kuwa na gichiaro na nyumba ya msichana. Sitaitaja nyumba hiyo, wala ya msichana, kwa kuwa mambo ya kiapo si ya kutangazwa magazetini.

Palikuwa na mwingine ambaye neno hilo lilimgusa. Baba yangu mdogo alikuwa akifuatilia madai ya shamba wakati wa upimaji wa ardhi, na tegemeo lake kuu lilikuwa kwamba sisi ni watoto wa Athiru Ruujine. Igembe, kama sehemu nyingi za Meru, mpaka wa shamba huulizwa kwa mwiriga kabla haujaulizwa kwa mpima ardhi. Basi tukawa na jina moja lenye watu wawili waliolitazamia kwa macho mawili: mmoja aliomba liwe la mahali pale, na mwingine aliomba lisiwe. Nami, kwa kuwa ndiye pekee niliyekuwa nikisoma isimu chuoni, nikaambiwa nitafute katika vitabu.

Nilianza na kamusi za majina ya mahali. Mahali pengine duniani kazi hii ina vitendea kazi vizuri. Mfano ninaoupenda ni wa Bulgaria. Nchi hiyo ilipotoka katika utawala wa Waturuki mwaka 1878, vijiji vingi vilikuwa na majina ya Kituruki. Kwa miongo iliyofuata, serikali iliviita upya kwa majina ya Kibulgaria, na mwaka 1934 mabadiliko hayo yakawa kama mafuriko. Leo mjukuu wa Mbulgaria aliyehamia Chicago anaweza kuwa na karatasi ya babu yake yenye jina la kijiji ambalo halimo katika ramani yoyote ya sasa. Lakini anacho kitabu cha kumsaidia. Wanazuoni Petar Koledarov na Nikolay Michev walitoa mwaka 1973 kitabu cha mabadiliko ya majina ya makazi tangu 1878 hadi 1972, na mwaka 1989 wakatoa kamusi iliyoendelea hadi 1987. Mjukuu hutafuta jina la zamani, akaona jina jipya, mwaka wa kubadilishwa, na kama kijiji kiliunganishwa na kingine. Kisha huenda kutafuta vitabu vya ubatizo vya mahali hapo.

Nilipotafuta kitu kama hicho kwetu nilipata faharasa za ramani. Mojawapo ni ile iliyotolewa Marekani mwaka 1964 ili kusanifisha majina ya Kenya. Faharasa za namna hii humpa msomaji jina, aina ya kitu kinachoitwa hivyo, yaani kilima, mto au kijiji, na vipimo vya latitudo na longitudo. Zinamfaa rubani na mwanajeshi. Hazisemi nani alipaita mahali hapo hivyo, lini, wala kwa lugha gani. Aidha, Kimeru kina irabu saba, ambapo Kiswahili sanifu kina tano. Katika maandishi ya Kimeru, irabu mbili za ziada huwekewa alama juu ya i na u. Wachora ramani hawakujisumbua na alama hizo. Hivyo majina mawili tofauti masikioni mwa Mwigembe yanaweza kuonekana kuwa jina moja machoni mwa msomaji wa ramani.

Maandishi ya wasafiri wa kale yana taabu kubwa zaidi. Mmarekani William Astor Chanler alifika Nyambene katika safari yake iliyoanza mwaka 1892, akiwa na Ludwig von Höhnel, yule aliyekuwa pamoja na Teleki mwaka 1888 walipoliita ziwa letu la kaskazini Rudolf, jina lililodumu hadi lilipoitwa Turkana mwaka 1975. Katika kitabu cha Chanler cha mwaka 1896, milima yetu inaitwa Jombeni, na Waigembe wanaitwa Embe. Chanler alikuwa na wapagazi wa Zanzibar, na yamkini jina la mlima lilipita katika masikio ya Waswahili kabla ya kufika katika kalamu ya mgeni. Mtu akilitafuta jina Nyambene katika faharasa ya kitabu hicho atadhani kuwa milima haikuwapo.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa kabla ya kuuliza jina limeandikwa wapi, ingefaa niulize limeundwaje. Yatazame majina ya Igembe: Antuambui, Antubetwe, Athiru, Akachiu, Amwathi. Haya yote leo ni majina ya mahali, nayo yamo katika orodha za kata na maeneo ya uchaguzi. Lakini sehemu ya mwanzo ya Antuambui na Antubetwe ni antu, yaani watu. Kiambishi a- cha Kimeru ni ndugu wa wa- ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, haya ni majina ya watu yaliyogeuka kuwa majina ya ardhi. Watu wa mwiriga walikalia mteremko fulani, nao mteremko ukaitwa kwa jina lao. Kisha serikali ya kikoloni, ambayo ilianza kutawala Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ikazigeuza sehemu hizo kuwa maeneo ya machifu.

Linganisha na pwani. Mombasa kuna Thenashara Taifa, na miongoni mwao kuna Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu, Wapate, Wafaza, Wamtwapa na Wakilifi. Pwani watu walihama wakaibeba ardhi katika jina lao. Igembe watu waliketi wakaipa ardhi jina lao. Kwa hiyo Mswahili anayetafuta nasaba anaweza kuanza na jina la kabila akapata mahali, ilhali Mwigembe huanza na jina la mahali akapata mwiriga. Ikiwa babu yetu alitoka Athiru, basi alikuwa wa Athiru. Lakini tuliyoyarithi hayakuwa na neno Athiru ndani yake. Tulirithi Ruujine peke yake.

Na Ruujine si jina la watu. Lina mzizi wa maji au mto, na mwishoni lina kiambishi cha mahali ambacho sisi wa Kiswahili tunakijua kama -ni. Ni kiambishi kile kile kinachosikika katika Muringene, ambamo mjuzi wa Kimeru husikia mti wa muringa, sawasawa na Mkunazini ya Zanzibar ambamo Mswahili husikia mkunazi. Basi Ruujine, kwa Kiswahili, ni mtoni. Athiru Ruujine ni Athiru wa kule mtoni, ili watofautishwe na Athiru wengine, kama wale wa Athiru Gaiti.

Sasa, mwalimu wa sarufi angetuuliza: mtoni kwa herufi ndogo, au Mtoni kwa herufi kubwa? Zanzibar kuna Mtoni. Dar es Salaam kuna Mtoni. Lakini mtu yeyote aishiye karibu na maji anaweza kusema ametoka mtoni, na asiwe amekanyaga mojawapo ya sehemu hizo maishani mwake. Katika maandishi, tofauti hiyo huonekana mara moja. Katika masimulizi haisikiki. Mdomo hauna herufi kubwa. Nyambene ina mito na vijito vingi vinavyoteremka kuelekea Tana, na kila kimoja kina watu kando yake wanaoweza kusema kuwa kwao ni mtoni.

Ushahidi pekee wa maandishi tuliokuwa nao ulikuwa kipande cha baba wa babu, kilichohifadhiwa na nyanya katika mkebe wa majani chai. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, wilaya yake na chifu wake. Katika kipande hicho karani alikuwa ameandika neno hilo kwa mwandiko wa mlalo, akipunguza irabu moja na kuanza kwa herufi kubwa. Baba mdogo alikishika kama hati ya shamba. Lakini karani aliyeuliza unatoka wapi, akajibiwa kwa Kimeru kuwa mtoni, angefanya nini? Palikuwa na nafasi ya jina la mahali katika fomu, naye ilimbidi aijaze. Herufi kubwa ile ilikuwa ya karani. Haikuthibitisha lolote kuhusu babu.

Niliwaeleza wazee hoja hii nyumbani. Waliisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema kuwa herufi haijawahi kuoza wala kuozesha mtu. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeonyesha kuwa jibu la zamani si la hakika, lakini sikuwa nimeleta jibu jingine.

Jibu lilitoka kwa nyanya. Yeye hakuzaliwa katika ukoo wetu bali aliolewa, na kwa hiyo katika mazungumzo yote ya asili hapakuwa na aliyemuuliza neno. Lakini ndiye aliyemtunza baba mkwe wake katika uzee wake, akimpikia uji na kumsikiliza usiku alipokosa usingizi. Nilimwomba asinitajie jina, bali anisimulie kwa sentensi nzima, kama mzee alivyokuwa akisema. Akaeleza kuwa mzee alizoea kusimulia jinsi walivyokuwa wakiteremka mtoni kunywesha mifugo kabla ya kupanda kurudi kwenye gaaru. Gaaru ilikuwa nyumba ya vijana waliotahiriwa, walipolala na kufundishwa pamoja, na kila mwiriga ulikuwa na gaaru yake. Nikamwuliza: gaaru ya nani? Akaitaja bila kusita. Ilikuwa ya mwiriga mwingine kabisa.

Wazee hawakufurahia kuwa ushahidi wa gaaru, mahali ambapo mwanamke hakuingia, umetoka kwa mwanamke. Walitaka pia kujua ni wakati wa rika gani, na hapo pakawa na mashaka mapya, kwa sababu majina ya marika ya Igembe, kama Kiramunya, Ithalie, Michubu na Ratanya, huzunguka na kurudi, hivyo jina la rika pekee haliwezi kuwa tarehe. Hatimaye ujumbe ulitumwa kwa mzee mmoja wa mwiriga uliotajwa. Bila ya kuelezwa kisa, alilitambua jina la baba wa babu yetu, akataja na la ndugu yake ambalo hata sisi hatukuwa nalo. Wazee wa pande zote mbili waliketi tena, wakakubaliana kuwa hakuna gichiaro kinachozuia, na mahari ikapokelewa. Baba mdogo alikuja harusini, lakini mpaka leo akitaja asili yetu huitamka Ruujine kwa uzito ambao msikilizaji huiona herufi kubwa.

Msomaji anaweza kusema kuwa haya ni ya nyumba moja. Nadhani ni zaidi ya hayo. Wameru wote wana jina kama hilo, nalo ni Mbwaa. Masimulizi yanasema kuwa waliishi Mbwaa, karibu na maji makubwa, wakiteswa na watu waliovaa nguo nyekundu, mpaka Koomenjoe alipowaongoza kuvuka usiku, alfajiri na mchana, na ndipo wakagawanyika kuwa weusi, wekundu na weupe. Je, Mbwaa ni wapi? Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Meru, alielekeza kidole katika kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Lakini lugha inasema jambo jingine. Mwaka huo huo wa 1993, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki. Katika kundi hilo wamo Wamijikenda, Wapokomo na Wangazija, Kimeru hakimo. Ndugu zake wa karibu ni Kiembu, Kikuyu na Kikamba, lugha za bara.

Tena kuna Kidaiso, kinachozungumzwa katika mkoa wa Tanga, ambacho wanaisimu wanakiweka pamoja na lugha hizo za Kenya ya kati. Wapo waliokihusisha na Wasegeju, ambao Wareno waliandika kuwa waliisaidia Malindi dhidi ya Wazimba mwaka 1589. Kwa hiyo njia ya kati ya pwani na mlima haikuwa ya upande mmoja. Mtu anayetaka kuipata Mbwaa kwa kuchukua ramani na kutafuta jina linalofanana atafanya alichofanya karani wa kipande: ataweka herufi kubwa pale anapohitaji kujaza nafasi.

Ndiyo maana naona kuwa kamusi ya majina ya mahali ya Kenya, ikiandikwa, isiishie katika vipimo vya latitudo. Kila kidahizo kingehitaji jina kwa tahajia ya lugha yake, pamoja na alama za irabu. Tahajia za kale, kama Jombeni kwa Nyambene. Mwaka wa kila badiliko, kama Fort Hall kuwa Murang'a na Thomson's Falls kuwa Nyahururu. Maelezo kama jina ni la watu, la mti au la maji. Na sentensi moja nzima kutoka kinywani mwa mwenyeji. Hata majina ya utawala yangefaa kuwamo. Nyanya aliolewa katika Wilaya ya Meru, akaishi katika Nyambene na kisha Meru Kaskazini, na tangu 2013 yumo katika Kaunti ya Meru, bila ya kuhama boma lake.

Kazi hii haiko mbali na Kiswahili. H. E. Lambert, ambaye wengi wetu tunamjua kwa tafiti zake za Kivumba, Chijomvu, Kingare na Chichifundi za mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mkuu wa wilaya huko Meru katika miaka ya 1930, na aliandika juu ya mila na ardhi ya watu wa mlima kabla ya kuandika juu ya lahaja za pwani. Yeye alikuwa mtawala na mgeni. Sisi tuna nyanya nyumbani. Mwanafunzi akienda likizo na daftari moja, akaandika majina 20 ya vijito, vilima na miti ya kwao, na kando ya kila jina sentensi aliyoambiwa, atakuwa ametayarisha vidahizo 20. Namsihi aanze na wale walioolewa katika ukoo, kwa kuwa aghalabu hawajaulizwa.